Hesi, Kifa na Mtutu: Habari za Kifungio Kisicholegea Katika Nchi ya Ituri

Wanaotuandikia habari za silaha katika nchi ya Ituri hutaja aghalabu wale walioleta na wale waliopiga: wafanyabiashara wa pembe waliopanda kutoka Nyangwe na Kasongo, maofisa wa Kibelgiji waliowafuata na kuwashinda, askari wa serikali na waasi wa zama zetu. Fundi aliyekaa chini ya kipenu na tupa na jiliwa yake, akikaza kilicholegea na kulegeza kilichoganda, hatajwi; ilhali pasipo yeye bunduki hizo zisingalidumu misimu mitatu katika nchi yenye mvua za msitu upande mmoja na vumbi la nyika upande wa pili, na mengi yaliyotendeka kwazo, ya heri na ya shari, yasingalitendeka. Azma yangu katika makala haya ni kumrudisha fundi huyo katika tarikhi, nami nimeona njia iliyo nyoofu kuliko zote ni kufuata kitu kimoja kidogo mno ambacho kimemsumbua tangu siku ya kwanza hata leo, nacho ni hesi, ule mfereji mwembamba uzungukao parafujo na nati, pamoja na maradhi yake ya asili, ambayo ni kulegea.

Nitaanzia Marabo, iliyo katika teritwari ya Irumu, kiasi cha kilomita 40 kusini-magharibi ya Bunia, katika barabara iendayo Komanda. Huko Komanda ndiko uanziako msitu mkubwa, na kutoka Marabo kurudi Bunia nchi ni ya nyasi, vilima na malisho ya ng'ombe. Wenyeji ni Wabira, na jirani zao ni Wahema, Walendu, Wangiti na Wanyali, na ndani ya msitu Wambuti. Na lugha inayowakutanisha sokoni ni Kiswahili, kilichofika huku pamoja na misafara ya wangwana, ndio wale wafanyabiashara wa pembe, yaani kwa njia ile ile zilizofikia bunduki za kwanza. Kwa fundi wa chuma mahali hapa ni mpaka wa maadui wawili. Magharibi, chini ya miti, unyevu haukauki na kila chuma kisichopakwa shahamu hushika kutu usiku mmoja. Mashariki, wakati wa kiangazi, vumbi jekundu huingia katika kila tundu na kusaga kila kinachosuguana. Hesi iliyopakwa mafuta ili isishike kutu hulegea upesi, na ile iliyokazwa kavu ili isilegee hushika kutu na kuganda, hata ikivunjika haitoki. Baina ya mambo haya mawili ndipo penye elimu yote ya fundi wa bunduki, nami sioni kwamba miaka mia na hamsini imeibadilisha sana.

Kwa nini hesi hulegea? Nati hushika kwa sababu kukazwa kwake huuvuta mwili wa parafujo, nao ukavutika kwa kadiri ndogo isiyoonekana kwa jicho, na mvuto ule ndio unaoyabana meno ya hesi yakasuguana na kukataa kuzunguka. Kila mtikisiko unaoukata mwili huo ubavuni huondoa msuguano kwa kitambo kidogo, na katika kitambo hicho nati huteleza nyuma, unywele kwa unywele, mpaka itakapoanguka. Jambo hili mafundi walilijua kwa mikono tangu kale, lakini ilikuwa mwaka 1969 ndipo mhandisi wa Kijerumani, Gerhard Junker, alipolithibitisha kwa mashine ya majaribio, akaonyesha kwamba mtikisiko wa ubavuni hulegeza upesi zaidi kuliko mvuto ufuatao urefu wa parafujo. Sasa ifikiriwe silaha ya moto: kila inapopigwa hupata pigo la nyuma, mtetemo wa mtutu, na joto linalotanua chuma na kukiacha kisinyae tena kwa namna isiyo sawa. Hakuna chombo cha nyumbani wala cha shambani kinachoitesa hesi kwa mateso yote matatu kwa pamoja namna hiyo.

Katika bastola za siku hizi adha hiyo huonekana wazi zaidi katika kijichuma kimoja ambacho watu wengi hawajapata kukitazama. Mtutu wa baadhi ya bastola hutokeza mbele na kukerezwa hesi mdomoni, ili kifungwe hapo kizuia sauti au chombo kingine. Na kisipofungwa kitu, hesi hizo hufunikwa kwa kofia ndogo ya chuma ili zisigongwe wala zisijae uchafu. Kofia hii haina mwili mrefu wa kuvutika, meno yake ni machache, na hukazwa kwa vidole tu. Tena mtutu wa bastola nyingi, kwa mpango ulioanzishwa na Mmarekani John Browning, haukai kimya bali hurudi nyuma pamoja na chuma cha juu kinachoteleza, kisha huinama na kusimama ghafla. Basi kofia hupigwa na kupokonywa kila mara, na baada ya risasi chache huanza kuzunguka yenyewe. Ikitoka nusu huweza kugusana na chuma cha juu na kuzuia mwendo. Ikitoka yote hupotea majanini, na hesi zilizobaki wazi huharibika. Mwenye bastola huiona kuwa adha mpya, ilhali babu zetu walipambana nayo kwa sura nyingine zamani sana.

Hapo mwanzo hesi ilikuwa takoni mwa mtutu, si mdomoni. Mtutu wa bunduki ya kupakiwa mdomoni ni bomba lililo wazi pande zote mbili, na upande wa nyuma huzibwa kwa parafujo nene. Na kuikereza parafujo hiyo, zaidi hesi ya ndani inayoipokea, kulikuwa kugumu kuliko kufua bomba lenyewe. Wareno walipofika mwaka 1543 katika kisiwa cha Tanegashima huko Japani, bwana wa kisiwa alinunua bunduki mbili za mrao akamwamuru mfua panga wake, Yaita Kinbee, aziige. Masimulizi ya kisiwa yanasema kwamba mtutu aliuweza, kwa kuwa alikuwa bingwa wa chuma, lakini alishindwa na ile parafujo ya nyuma mpaka alipofika fundi wa Kireno mwaka wa pili. Na husemwa kwamba Yaita alimwoza Mreno bintiye, Wakasa, ili apate siri hiyo. Sina haja ya kuhukumu habari ya ndoa hiyo. Ninachokiokota ni kwamba taifa la wafua chuma mashuhuri kuliko wote wa mashariki lilisimama mlangoni mwa bunduki kwa ajili ya hesi moja.

Wafua chuma wa nchi zetu nao walisimama pale pale, wala si kwa upungufu wa ustadi. Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyefika mwaka 1870 katika baraza ya mfalme Mbunza wa Wamangbetu, kaskazini ya Ituri, aliandika kwa mastaajabu juu ya chuma alichokiona huko, na juu ya minyororo myembamba iliyofuliwa bila tupa ya Kizungu. Mikono iliyoweza kazi hiyo iliweza kunyosha mtutu uliopinda na kufua nyundo ya mtambo iliyovunjika. Iliyoishinda ilikuwa hesi, kwa kuwa hesi kwa kawaida haifuliwi, bali hukatwa kwa chombo ambacho nacho sharti kiwe na hesi. Kwa sababu hiyo fundi wa bara, alipokosa parafujo, alitumia maarifa yake mwenyewe: kijiti cha chuma kilichopigwa pande zote mbili, kabari ya mti mgumu, waya wa shaba, na zaidi ya yote ngozi mbichi, ambayo huzungushwa ikiwa na maji juu ya mtutu na kitako, na ikikauka husinyaa na kubana kwa nguvu ambayo parafujo nyingi haziipati. Gobori nyingi za Afrika zilizohifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya zimefungwa ngozi hivyo, na wapo waandishi wanaoona vifungo hivyo kuwa alama ya umaskini. Mimi naviona kuwa jawabu sahihi la fundi: ngozi hairudi nyuma kwa mtikisiko, haina meno ya kushika kutu, na ikichakaa hupatikana nyingine kila ng'ombe anapochinjwa.

Ngozi ilikuwa na kazi ya pili katika gumegume. Jiwe la kiberiti la bunduki hiyo hushikwa na taya mbili za chuma zikazwazo kwa parafujo, na kwa kuwa jiwe ni gumu na chuma ni kigumu, pigo la tatu au la nne hulichezesha. Ndiyo maana huvikwa kipande cha ngozi au bati la risasi kabla ya kubanwa. Kitu laini kati ya vigumu viwili hujaza nafasi, husukuma nyuma, na hivyo huihifadhi parafujo katika mvuto wake. Mwenye bastola wa leo atiaye pete ndogo ya mpira chini ya kofia ya mtutu wake anafuata elimu ile ile ya kale, nayo ni elimu iliyokwisha kujulikana kwa kila mpiga gumegume wa Manyema.

Baada ya gumegume ikaja bunduki ya fataki. Kasisi wa Kiskoti, Alexander Forsyth, alipata hati yake mwaka 1807 kwa baruti inayolipuka kwa kugongwa, na katika miaka ya 1820 fataki za shaba zilikuwa zimeanza kuenea Ulaya. Fataki huvikwa juu ya kifa, na kifa ni kichuchu cha chuma chenye hesi, kilichokazwa ndani ya tako la mtutu. Hapo ndipo hesi ilipoingia katika maisha ya kila siku ya mwenye bunduki, kwa kuwa kifa huziba na kuchakaa, na sharti kitolewe. Moto wa baruti nyeusi huacha masizi yenye chumvi ivutayo maji ya hewani, na asiyeosha bunduki yake kwa maji ya moto siku ile ile hukuta kifa kimeganda; na aliyekitoa mara nyingi, akakirudisha bila kukikaza sawasawa, hupigwa usoni na moto unaopenya hesini, na kikichomoka chote jicho ndilo linaloharibika. Mtu mwenye busara alipaka nta au shahamu kidogo katika hesi za kifa, akakikaza kwa ufunguo wake, akakigusa tena kila baada ya kuwinda. Ushauri huo wa kukaza na kugusa tena, ukiutafsiri kwa kofia ya mtutu wa bastola, hauna neno la kuongeza.

Bunduki hizi ziliingia kwa wingi usiokadirika. Balozi wa Uingereza huko Unguja, Kanali Charles Euan-Smith, aliandika mwaka 1888 kwamba silaha za moto baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika kila mwaka kwa njia ya pwani ya mashariki. Nyingi zilitoka Liège, mji wa Ubelgiji ambao tangu mwaka 1672 ulikuwa na nyumba ya kuijaribu mitutu kwa baruti nyingi kabla ya kuuzwa, na ambao mafundi wake waligeuza bunduki kuukuu za majeshi ya Ulaya na kuzifanya bidhaa ya Afrika. Ni ajabu ya kadari kwamba mji huo wa mafundi ulikuwa wa taifa lile lile lililokuja kuitawala Ituri, na kwamba wakubwa waliotuma maofisa kuwanyang'anya wangwana bunduki walikuwa jirani wa wale waliozitengeneza.

Habari za Ituri yenyewe zinaanza kwa nuru kamili mwaka 1887, msafara wa mvumbuzi Stanley wa kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Misri katika Sudani ya kusini, ulipopita msituni. Ulikuwa na bunduki za Remington, za Winchester, na mzinga mmoja wa Maxim, alioutoa mwenyewe Hiram Maxim. Huko Ipoto, katika kambi ya watu wa Kilonga-Longa, mkubwa mmoja wa misafara ya pembe, wapagazi wa Unguja waliokuwa wakifa njaa waliuza bunduki na risasi zao kwa mahindi. Na Stanley alipopata habari hizo alitoa adhabu ya kifo. Mimi siwezi kusoma ukurasa huo bila huzuni kwa wale vijana, waliotolewa kisiwani kwao kwa mshahara na kuachwa wachague baina ya njaa na kitanzi. Lakini kwa historia yetu tukio hilo lina maana nyingine: bunduki za kisasa, zenye kupakiwa nyuma, zilibaki mikononi mwa watu wa msitu, na tangu siku hiyo fundi alipaswa kujifunza mtambo mpya.

Remington yenyewe ilikuwa somo zuri. Sehemu zake mbili kubwa, nyundo na kizibo cha nyuma, huzunguka juu ya vijiti viwili vinene vya chuma, na vijiti hivyo havikukerezwa hesi hata kidogo; vinashikwa visitoke na kibati kimoja cha ubavuni chenye parafujo moja tu. Aliyeibuni alitambua kwamba kila hesi ni mlango wa kulegea, akapunguza milango hiyo mpaka ukabaki mmoja, na huo mmoja akauweka mahali ambapo pigo la risasi haliufikii moja kwa moja. Askari wa Emin Pasha nao walikuwa na Remington za Misri. Emin alipoondoka mwaka 1889, wengi wao walibaki chini ya ofisa wao Selim Bey huko Kavalli, juu ya uwanda ulio magharibi ya ziwa Albert, katika nchi hii hii ya Ituri, wakiwa wamekatika na kila bohari na kila serikali. Na Mwingereza, Kapteni Lugard, alipowakuta Septemba 1891 walikuwa bado wana silaha zinazopiga, akawachukua kwenda Toro na Uganda. Yeyote aliyezihifadhi bunduki zile katika miaka hiyo bila vipuri alikuwa fundi wa daraja la juu, na jina lake halikuandikwa.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi Mapatano ya Brussels, yakakataza kuingizwa kwa silaha za moto, khususan zile zenye mifereji ndani ya mtutu na nyinginezo za kisasa, katika sehemu ya Afrika iliyo baina ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini ya ikweta. Gumegume ya mtutu laini na baruti ya kawaida viliachiwa nafasi, chini ya uangalizi wa serikali. Basi sheria ilimrudisha mwindaji wa Ituri nyuma kwa umri wa babu yake, na kwa muda mrefu aliyekuwa na bunduki ya haki alikuwa na bunduki kuukuu. Wakati huo Force Publique, jeshi la dola ya Kongo, baada ya kuwashinda kina Sefu bin Hamed na Rumaliza, wakubwa wa wangwana, katika vita vya 1892 hadi 1894, ilitembea na bunduki za Albini, na baadaye za Mauser zilizotengenezwa Herstal, kando ya Liège, katika kiwanda cha FN kilichoanzishwa mwaka 1889. Kiwanda hicho hicho ndicho kilichotoa bastola za Browning, ambazo jeshi la Ubelgiji lilizitumia tangu mwaka 1900. Katika ile ya mwaka 1910 kamani imezungushwa mtutu, nayo huzuiwa mdomoni na pete iliyochongwa mistari ya kushikiwa na vidole. Lakini pete hiyo haitegemei hesi ndefu, bali husukumwa na kuzungushwa kidogo, na kamani yenyewe huiweka mahali pake. Hii ndiyo hekima ya tatu, baada ya ngozi na kijiti: nguvu ile ile inayotaka kukitoa kifungio hutumiwa kukifunga.

Pamoja na mgodi ikaja hesi ya kila namna. Dhahabu ilivumbuliwa mwaka 1903 karibu na Kilo, na kampuni ya Kilo-Moto iliyosimama mwaka 1926 ilihitaji mashine, pampu na magari, ambayo mengi yalipitia Mombasa, Uganda na bandari ya Butiaba, yakavuka ziwa mpaka Kasenyi na kupanda mlima kwenda Bunia. Hapo fundi alikutana na fitina ambayo Ulaya haikuwa imeimaliza. Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza mwaka 1841 hesi yenye pembe ya nyuzi 55, ipimwayo kwa inchi. Mmarekani William Sellers akapendekeza mwaka 1864 nyuzi 60. Na mkutano wa Zürich wa mwaka 1898 ukaweka hesi ya milimita, ambayo Wabelgiji waliifuata. Nati ya hesi moja huweza kuingia nusu mzunguko au mzunguko mzima katika parafujo ya hesi nyingine, ikamdanganya mwenye haraka kwamba imeshika, nayo imeuma meno mawili tu. Ninaamini kwamba katika nchi hii vifungio vingi zaidi vimelegea kwa kosa hilo kuliko kwa mtikisiko, na anayenunua leo kofia ya mtutu bila kuipima kwa kipimo cha hesi yuko katika hatari ile ile.

Hesi ya mdomoni ilipata sababu yake katika nyumba ya Maxim, ile ile iliyotoa mzinga wa Stanley. Hiram Percy Maxim, mwana wa yule mzee, alipata mwaka 1909 hati ya kizuia sauti cha bunduki, na kampuni yake ilikuwa Hartford, katika jimbo la Connecticut. Chombo kinachofungwa mdomoni kinahitaji hesi, na hesi isiyotumika inahitaji kofia. Katika mji huo huo wa Hartford, mwaka 1953, mwalimu wa kemia Vernon Krieble alibuni gundi inayobaki maji maji maadam ina hewa, na kuganda ikiisha kufungiwa baina ya meno ya chuma yasiyo na hewa. Na hiyo ndiyo itumiwayo sasa na mafundi wa pikipiki kutoka Mombasa hata Kisangani. Kwa kofia ya bastola, ambayo sharti itoke kila mara, huchaguliwa ile dhaifu, tone moja tu, tena mbali na joto jingi, kwa sababu gundi hiyo hulainika chuma kikichemka.

Lakini kifungio cha mdomoni ambacho Ituri imekijua kuliko chochote ni cha Kalashnikov, bunduki iliyopokewa na jeshi la Kisovieti mwaka 1949. Mdomoni mwake mna nati iliyofunika hesi ya milimita 14, na hesi hiyo ni ya kushoto: hukazwa kwa kuzungushwa upande ambao nyingine zote hulegezwa. Mifereji ya ndani huizungusha risasi kuelekea kulia, na kwa kanuni ya maumbile mtutu hupata msukumo wa kuelekea kushoto. Nati iliyo juu ya hesi ya kushoto, ikibaki nyuma ya mwendo huo, hujikaza badala ya kujilegeza. Wala wabunifu hawakuridhika na hilo peke yake. Chini ya kilengeo cha mbele waliweka kijiti chenye kamani, ambacho kichwa chake huingia katika pengo la nati na kuizuia isizunguke mpaka kibonyezwe kwa ncha ya kitu. Kamani, kijiti, na mwelekeo wa hesi: katika silaha hiyo hekima zote za fundi wa kale zimekutana, ila ngozi tu, na kwa hiyo bunduki iliyotengenezwa kabla mwenye kuibeba hajazaliwa bado ina kila kipande chake.

Hapa sina budi kusema kwa moyo mzito. Silaha za namna hiyo ziliingia kaskazini-mashariki ya Kongo katika maasi ya Simba ya 1964 na 1965, zilipotumwa kutoka Misri na Aljeria kupitia Khartoum na Juba, na zikaja kwa wingi mkubwa zaidi katika vita vya Ituri vilivyoanza mwaka 1999. Taarifa ya Umoja wa Mataifa juu ya miaka 2002 na 2003 ilihesabu raia zaidi ya 8,000 waliouawa. Hospitali ya Nyankunde, jirani ya Marabo, ilishambuliwa Septemba 2002, na wagonjwa waliuawa vitandani. Jeshi la Ulaya lililoongozwa na Ufaransa lilikuja Bunia Juni 2003, marufuku ya silaha ya Baraza la Usalama ikafuata Julai mwaka huo huo, na kuanzia Septemba 2004 wapiganaji zaidi ya 15,000 waliingia katika mpango wa kusalimisha silaha, ingawa bunduki zilizopokewa zilikuwa chache sana kuliko watu. Waliohesabu bunduki hizo waliandika namba zilizopigwa katika mwili wake, na ni haki yao. Hakuna aliyeandika nani alizikarabati, wapi, na kwa vyombo gani. Kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa, kwa sababu bunduki isiyo na fundi hufa yenyewe, na anayetaka kujua mbona silaha za mwaka 1964 zilikuwa bado zinapiga miaka arubaini baadaye atapata jibu katika karakana kabla ya kulipata mpakani.

Wenye bastola za ruhusa, ambazo katika Kongo ziliwekewa sheria tarehe 3 Septemba 1985, wanaweza kuchukua kutoka katika tarikhi hii mambo machache yaliyo thabiti. Silaha kwanza iwe tupu, na ithibitishwe kuwa tupu. Hesi zifutwe mafuta kwa kitambaa kikavu kabla ya kofia kufungwa, kwa kuwa kofia ya bastola huugua kulegea zaidi kuliko kutu, na mafuta membamba yarudishwe juu ya chuma kikiisha kukazwa. Kofia ifike mpaka bega la mtutu na kuketi hapo, isining'inie juu ya meno. Chini yake itiwe pete ya mpira iliyo nyembamba. Nayo iguswe kwa vidole kila baada ya kupigwa risasi chache. Ikiwa hesi imeliwa, hakuna gundi wala pete itakayoiponya, na mtutu upelekwe kwa fundi mwenye idhini.

Wazee waliofanya kazi katika karakana za Kilo-Moto, na wale waliohudumu katika bohari za silaha za Force Publique kabla ya mwaka 1960, wamebaki wachache mno. Kijana wa Marabo, wa Irumu, wa Mongbwalu au wa Bunia aliye na babu wa namna hiyo nyumbani na achukue daftari, amwulize majina ya vyombo, majina ya mafundi waliomfunza, na namna walivyokata hesi walipokosa parafujo, kisha nakala moja aiweke katika maktaba ya chuo kikuu cha Bunia.